Keki ya wachimba makaa yawa mtihani wa afya

*Kusini mwa Marekani, MoonPie ina wimbo, ina tamasha na ina usiku wake wa kumulikwa angani. Lakini kazi ya sulubu iliyoizaa imepungua, na mwili wa mlaji wa leo si ule wa mwaka wa 1917.*

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, katika majuma yanayotangulia Kwaresima, wakazi wa mji wa Mobile katika jimbo la Alabama, Marekani, hujipanga kando ya barabara wakiwa wameinua mikono juu. Magari yaliyopambwa hupita polepole, bendi zikipiga ngoma na tarumbeta, na watu waliovaa barakoa hurusha zawadi kutoka juu ya magari hayo. Hurusha shanga, vikombe vya plastiki na vidude vya kuchezea watoto. Hata hivyo, kitu ambacho umati hukililia hasa ni keki.

Keki hiyo huitwa MoonPie. Ni biskuti mbili laini za duara, katikati zikiwa zimeshikanishwa na mashimelo, ambayo ni sukari iliyopigwa mpaka ikafura hewa na kuwa nyepesi kama povu. Kisha mkate huo wa biskuti hufunikwa wote kwa chokoleti, au kwa ganda la ladha ya ndizi, vanila na nyinginezo. Hutiwa ndani ya karatasi ya plastiki, tayari kuuzwa dukani au kurushwa hewani.

Kwa mgeni, hicho ni kitafunio tu kama vingine vinavyopangwa karibu na mahali pa kulipia katika supamaketi. Kwa mwenyeji wa Mobile, ni sehemu ya utoto wake, ya mtaa wake na ya fahari ya mji wake. Umwambie aiache naye atakuona kana kwamba umemtaka aukane ukoo.

Hapo ndipo penye kitendawili ambacho madaktari na wataalamu wa lishe hukutana nacho kila mahali duniani. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Je, mtu afanyeje ikiwa mila yenyewe imefungwa ndani ya karatasi na imejaa sukari?

Ilianzia migodini

Ili kuelewa jinsi keki hii ilivyojipatia heshima, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, hadi mji wa Chattanooga katika jimbo la Tennessee. Huko kulikuwa na kinu cha unga kilichoanzisha kiwanda cha mikate na biskuti mnamo 1902, kusudi kipate mahali pa kutumia unga wake wa ziada. Kiwanda hicho, Chattanooga Bakery, kilioka aina nyingi mno za biskuti na peremende. Nyingi kati yazo leo hazikumbukwi na mtu.

Mwaka wa 1917 ndipo MoonPie ilipozaliwa. Habari inayosimuliwa na kiwanda chenyewe ni kwamba mchuuzi wake mmoja, Earl Mitchell, alikuwa akizunguka katika maduka ya wachimba makaa ya mawe huko Kentucky. Akawauliza wachimbaji wangependa kula nini. Wakamjibu kwamba wao mara nyingi hawapati nafasi ya kutoka nje kula chakula cha mchana, hivyo wanataka kitu kigumu kiasi cha kubebwa, chenye kushibisha. Alipouliza kiwe na ukubwa gani, mmoja wao aliinua mikono akauzingira mwezi uliokuwa ukichomoza, akasema kiwe kama ule.

Kama kila neno la kisa hicho lilitamkwa hivyo au la, ni vigumu kuthibitisha, kwa maana kilihifadhiwa kwa kusimuliwa. Lakini kinatufunza jambo moja la kweli kuhusu siha. Keki hii haikubuniwa kuwa anasa. Ilikuwa chakula cha mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kuvunja mgongo.

Fikiria kazi yenyewe. Mchimbaji wa siku hizo aliingia chini ya ardhi kabla ya jua kuchomoza, akachimba kwa sururu na kupakia makaa kwa sepeto. Kazi ya namna hiyo huweza kuuteketezea mwili zaidi ya kalori 300 kwa saa moja. Baada ya saa nane au kumi za kazi hiyo, mtu huwa ametumia nguvu nyingi kuliko zile ambazo karani aliyeketi ofisini hutumia kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Kwa mchimbaji huyo, keki yenye kalori zaidi ya 200 ilikuwa kama kijiti kimoja cha kuni katika jiko kubwa. Iliungua yote ikaisha.

Soda na keki kwa senti kumi

Baada ya makaa ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Watu wa kusini mwa Marekani, ambao wengi walikuwa vibarua wa pamba, wa viwanda vya nguo na wa migodi, walihesabu kila senti. MoonPie iliuzwa kwa senti tano. Nayo RC Cola, soda iliyotoka mji wa Columbus katika jimbo la Georgia, iliuzwa kwa senti tano vilevile, na chupa yake ilikuwa kubwa kuliko za washindani wake wakuu.

Hivyo kwa senti kumi tu kibarua alipata kitu cha kutafuna na kitu cha kuteremshia. Viwili hivyo vikaoana, ingawa vilitoka katika makampuni mawili tofauti. Watu wakavitaja pamoja kama sisi tunavyotaja chai na mandazi. Mnamo 1951 mwanamuziki Big Bill Lister alirekodi wimbo kuhusu RC Cola na MoonPie, na jina la chakula hicho cha maskini likaingia redioni.

Msomaji atambue kwamba hapa ndipo kitafunio kinapogeuka utamaduni. Tangazo la biashara huweza kumfanya mtu anunue kitu mara moja. Lakini ili kitu kiingie katika nyimbo na mizaha ya watu, sharti kwanza kiwe kimewafaa katika shida. MoonPie ilimshibisha baba aliyekuwa hana kitu, na mwanawe akakua akiamini kwamba ule ndio utamu wa nyumbani. Mjukuu naye hakuijua shida, bali alirithi utamu.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, mahitaji yalikuwa makubwa hivi kwamba kiwanda kiliacha kuoka vitu vingine, kikabaki na MoonPie peke yake. Leo hii kinatoa takriban keki milioni moja kwa siku.

Kisa cha sanduku lenye pembe

Mji wa Mobile uko mbali na migodi ya Kentucky. Ni bandari katika Ghuba ya Meksiko, iliyoanzishwa na Wafaransa mwaka wa 1702, na wenyeji wake hujivunia kwamba sherehe za Mardi Gras zilianza kwao mwaka uliofuata, kabla hata mji wa New Orleans haujakuwako. Keki ya wachimba makaa iliingiaje katika sherehe hizo?

Jibu ni la kufurahisha kwa ukurasa wa afya, kwa kuwa linahusu usalama wa watu. Zamani waliokuwa juu ya magari walirusha visanduku vya Cracker Jack, yaani bisi na njugu zilizopakwa karameli. Vilikuwa vya bei nafuu na watu walivipenda. Kasoro yake ilikuwa moja. Sanduku la karatasi ngumu lina pembe, na likirushwa kutoka juu kwa nguvu linaweza kumpasua mtu uso au kumtia jicho dosari.

MoonPie ilikuwa imeanza kurushwa katika miaka ya 1950. Visanduku vile vilipokatazwa mapema katika miaka ya 1970 kwa sababu ya kujeruhi watu, keki ikatwaa nafasi yote. Ni laini, ni ya duara, haina pembe, na karatasi yake huihifadhi hata ikianguka chini. Kwa maneno mengine, keki ambayo leo madaktari wanaionya jamii isiile kupita kiasi ilichaguliwa kwa sababu ya kuwalinda watu wasiumie.

Tangu hapo keki na mji havitengani. Kila mkesha wa Mwaka Mpya, kuanzia ule wa Desemba 31, 2008, umbo kubwa la MoonPie lenye upana wa futi 12 na taa nyingi humulikwa juu ya mji wa Mobile huku umati ukihesabu sekunde. New York wana mpira wao wa kioo, Mobile wana keki.

Kuna jambo jingine ambalo Mwafrika hawezi kulipita kimya. Mobile ndiko ilikotua Clotilda, meli ya mwisho inayojulikana kupeleka watumwa Marekani, mwaka wa 1860, ikiwa na mateka kutoka Dahomey, ambayo leo ni Benin. Mpaka sasa Mardi Gras ya mji huo ina vyama vikuu viwili, kimoja cha asili ya Wazungu na kingine kilichoanzishwa na Weusi mnamo 1938, na kila kimoja humtawaza mfalme na malkia wake. Vyama ni viwili, maandamano ni mbalimbali, lakini keki inayorushwa ni ile ile. Mtoto aliyeinua mikono haulizi imetoka gari la nani.

Kilichomo ndani ya karatasi

Sasa tuifungue karatasi. Biskuti ni unga mweupe wa ngano. Mashimelo ni sukari na maji ya sukari ya mahindi. Ganda la juu ni sukari tena, pamoja na mafuta na kakao. Nyuzinyuzi za kusaidia tumbo ni chache mno, na vitamini ni zile zilizoongezwa katika unga.

Keki moja ya kawaida ina kalori zaidi ya 200, na sukari yake huweza kufika vijiko vinne vya chai au zaidi. Ukiiteremsha kwa kopo la soda la mililita 355, unaongeza gramu 40 hivi za sukari, ambazo ni sawa na vijiko kumi. Jumla ni vijiko kumi na vinne katika mlo ambao wengi hawauhesabu kuwa ni mlo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linapendekeza kwamba sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula cha siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili. Linaongeza kusema kwamba ni bora zaidi kuteremka hadi vijiko sita. Hivyo keki moja na soda moja zimemaliza fungu la siku nzima na kupita, hata kabla mtu hajatia sukari ndani ya chai yake ya jioni.

Kwa nini basi ni vigumu kuacha baada ya moja? Sababu ya kwanza iko katika mchanganyiko wenyewe. Katika maumbile ni nadra kupata chakula chenye sukari nyingi na mafuta mengi kwa pamoja. Matunda yana sukari bila mafuta, na njugu zina mafuta bila sukari nyingi. Vinapounganishwa kiwandani, ubongo husisimkwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na ile hisia ya "sasa basi" huchelewa kuja.

Sababu ya pili ni ulaini. Chakula kisichohitaji kutafunwa sana huteremka upesi, na tumbo huhitaji muda kuupelekea ubongo habari kwamba limejaa. Keki iliyojaa hewa humalizika kwa dakika mbili, kabla habari hiyo haijafika.

Sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu kushinda zote, nayo ni kumbukumbu. Harufu na ladha za utotoni hukaa kichwani zikiwa zimefungamana na watu na siku za furaha. Mzee wa Mobile anapofungua karatasi ile, hali unga na sukari peke yake. Anakula na mama yake aliyemshika mkono barabarani mwaka wa 1960. Hakuna daktari awezaye kuitoa kumbukumbu hiyo kwa karatasi ya maagizo.

Kazi imekwenda, keki imebaki

Mnamo 1923, Marekani ilikuwa na wachimba makaa zaidi ya 800,000. Leo hawafiki 50,000, na wengi wao huendesha mitambo. Vibarua wa pamba walihamia mijini. Kiwanda cha nguo kilifungwa au kikapata mashine. Gari likachukua nafasi ya miguu. Keki, kwa upande wake, haikupungua utamu hata kidogo.

Matokeo yanaonekana katika ramani. Mwaka wa 2011, wataalamu wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walichora eneo walilolipa jina la Mkanda wa Kisukari. Lina kaunti 644 katika majimbo 15, mengi yakiwa ya kusini. Alabama, Tennessee na Kentucky, majimbo yale yale ya hadithi yetu, yote yana kaunti ndani ya mkanda huo. Ndani yake, asilimia 11.7 ya watu wazima walikuwa wamepatikana na ugonjwa wa kisukari, na nje yake asilimia 8.5. Aidha, watu wasiofanya mazoezi yoyote walikuwa takriban watatu kati ya kila kumi ndani ya mkanda, na mmoja kati ya kila wanne nje yake.

Ni lazima tuwe waadilifu hapa. Keki moja haiwezi kushtakiwa kwa maradhi ya majimbo kumi na tano. Wataalamu hao hao walitaja umri wa watu, asili yao, unene wa kupindukia na kukaa bila kujinyoosha. Umaskini pia una mkono wake, kwani mahali ambapo mboga ni ghali na kliniki iko mbali, kisukari hushamiri. Wamarekani Weusi, ambao wengi wanaishi kusini, huugua kisukari kuliko Wazungu.

Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Kalori 200 za ziada kila siku ni kalori 73,000 kwa mwaka. Mwili hauzitupi. Sehemu yake huteketea kadiri mtu anavyoongezeka uzito, na nyingine huwekwa akiba kiunoni, tumboni na kuzunguka ini. Akiba hiyo ikizidi, insulini, ambayo ndiyo homoni ya kuingiza sukari katika chembe za mwili, hushindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Sukari hubaki ndani ya damu, na taratibu huharibu macho, figo, mishipa na neva za miguu.

Je, ipigwe marufuku?

Wako wanaodhani dawa ni sheria. Sheria ina mahali pake, hasa pale ambapo mlaji hawezi kuona kinachomdhuru. Mfano mzuri ni mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, ambayo kwa miaka mingi yalitumiwa katika keki na biskuti za kila namna ili zikae muda mrefu bila kuharibika. Ilipobainika kwamba yanaziba mishipa ya moyo, serikali ya Marekani iliamua mnamo Juni 2015 yaondolewe katika vyakula, ikavipa viwanda miaka mitatu. Walaji hawakukosa keki zao, nayo mioyo ikapata nafuu.

Lakini sukari si kitu cha siri. Mlaji anaijua, anaionja na anaitaka. Kumkataza mtu wa Mobile keki siku ya Mardi Gras ni kuanzisha vita ambavyo daktari hawezi kushinda, na pengine hapaswi kushinda.

Ajabu ni kwamba sherehe yenyewe inayo dawa ndani yake. Maana ya Mardi Gras ni Jumanne ya Mafuta, siku ya mwisho ya kula vinono kabla ya Jumatano ya Majivu. Wazee walioianzisha walijua kwamba utamu unahitaji ua. Walikula siku hizo, kisha wakafunga siku arubaini. Kalenda ndiyo iliyokuwa kipimo chao, kama vile Mwislamu anavyojua kwamba vyakula vya Idi vina siku yake. Shida ya zama zetu ni kwamba ua umevunjwa. Keki ya sikukuu inapatikana kila siku, saa ishirini na nne, katika kila kituo cha petroli.

Mfano mwingine unatoka katika kijiji cha Bell Buckle, Tennessee, chenye watu mia chache tu. Tangu miaka ya katikati ya 1990, kila mwezi wa Juni huandaa tamasha la RC Cola na MoonPie, na maelfu ya wageni hufika. Keki kubwa ajabu hukatwa na kugawiwa umma. Lakini asubuhi, kabla ya keki, kuna mbio za maili 10, yaani kilomita 16. Mkimbiaji wa uzito wa wastani anayezimaliza huwa ameteketeza takriban kalori 1,000. Akila MoonPie yake adhuhuri, ameirudisha mahali ilipotoka, yaani katika jasho.

Hata kiwanda kina keki ndogo ambayo ni kama nusu ya ile ya kawaida, na aghalabu hizo ndizo zinazorushwa barabarani. Uchunguzi mwingi wa tabia za ulaji umeonyesha kwamba watu hula zaidi wanapopewa fungu kubwa, bila hata kutambua, na hupunguza wanapopewa dogo. Keki ndogo huleta kumbukumbu ile ile kwa nusu ya sukari.

Tujipime na sisi

Msomaji wa Nairobi au Mombasa asicheke. Mtu wa mjengo anayekula nusu mkate kwa chupa ya soda saa saba mchana ni ndugu wa yule mchimba makaa wa Kentucky. Bei inamfaa, tumbo linajaa, na anarudi kubeba saruji hadi jioni. Mwili wake unazichoma nguvu hizo, ingawa angefaidika zaidi kwa githeri au ugali na maharagwe, ambavyo vina protini na nyuzinyuzi.

Hatari ni pale mlo huo unapomfuata mtu anapopanda cheo. Aliyekuwa akibeba mawe sasa ni msimamizi aliyeketi, au anaendesha matatu kutwa nzima, lakini soda na keki bado zipo pale pale mkononi. Mwanawe hupewa keki na soda akienda shule, kwa sababu mzazi anataka kumwonyesha kwamba mambo yamekuwa mazuri.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume 17.5. Nchi iliyozoea kuhofia njaa imeanza kuhofia shibe pia.

Si lazima tuache tunavyovipenda. Yatosha tukumbuke vilitoka wapi, na vilikusudiwa nani. Wataalamu wa lishe wanashauri hivi:

• Kipe kila kitamu siku yake. Keki ya harusi, ya kuzaliwa au ya sikukuu haimdhuru mtu mwenye afya. Inayodhuru ni ile ya saa nne kila asubuhi.

• Usiunganishe sukari mbili. Ukila keki, kunywa maji au chai isiyo na sukari. Soda ya mililita 300 peke yake ina karibu vijiko vinane.

• Nunua ndogo, au gawaneni. Keki iliyokatwa mara mbili humfurahisha mtu na mwenzake.

• Soma karatasi. Gawanya gramu za sukari kwa nne upate idadi ya vijiko vya chai.

• Usimtuze mtoto kwa sukari kila mara. Anachokipata akiwa na furaha leo ndicho atakachokitamani akiwa na huzuni akiwa mtu mzima. Na akila kitu cha kunata, asukutue mdomo kwa maji, kisha apige mswaki kabla ya kulala.

• Tanguliza jasho. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano kwa juma, huusaidia mwili kuitumia insulini yake vyema.

• Ukiwa na zaidi ya miaka 45, au ikiwa mzazi wako aliugua kisukari, au ukisikia kiu isiyokwisha na kwenda haja ndogo mara kwa mara, pimwe sukari ya damu. Ni tone moja la damu kidoleni. Mgonjwa wa kisukari aliyekwisha anza dawa azungumze na daktari wake kabla ya kubadilisha mlo.

Wale wachimbaji wa Kentucky waliomba keki kubwa kama mwezi kwa kuwa walikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Anayeila leo akiwa ameketi na aikate ndogo, maana chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe hapa ni afya ya mchovyaji.